Mama mkwe anasema ni jini, mimi najua kuna vidonge niliviacha

Shikamoo mama. Naomba usitaje jina langu, andika tu ni mama mmoja wa Ngamiani, Tanga, tupo wengi huku hatanijua mtu.

Mie nina miaka 36, ni fundi cherehani, nashona madera na sare za shule. Mwaka juzi nilianza kuona ukungu, yaani kama natazama watu kupitia chandarua, nikasema ni uchovu wa kushona usiku. Usiku taa za bodaboda zikija mbele yangu zinatawanyika mpaka nasimama pembeni kwanza zipite. Sa hivi uzi kwenye sindano natungiwa na mwanangu wa miaka sita. Juzi kati nimemshonea mteja zipu ya kahawia kwenye gauni jeusi, akanirudishia mbele ya watu, nilikaa na lile gauni mapajani nikalia.

Mume wangu akanipeleka kliniki ya macho. Daktari akanimulika akasema una mtoto wa jicho, macho yote mawili, akashangaa umri wangu. Nikapimwa sukari sina. Akauliza umewahi kuumia jichoni, nikasema sijawahi. Umetumia matone ya dawa muda mrefu, nikasema hapana. Umewahi kufanyiwa operesheni yoyote, mume wangu kakaa pale pale pembeni, nikasema hapana.

Mama sio kweli. Kwetu ni Lushoto, nilikuwa na rovu tangu usichana, mwaka 2012 nikapasuliwa wakatoa sehemu kubwa wakabakisha kidogo. Usiku wa pili baada ya operesheni midomo ikaanza kuwasha ganzi, vidole navyo, kisha mikono ikajikunja nikapiga kelele, wakanitundikia dripu ikatulia. Nikaruhusiwa na vidonge vya aina mbili, nesi akasema usiviache. Kwanini nisiviache hakuna aliyenieleza, mie nilijua ni vya kukausha kidonda.

Ikaja posa, mama wa yule kijana akasikia binti anaishi kwa vidonge, posa ikarudi. Nilivunjika sana. Mwaka 2015 alipokuja huyu niliyenaye nikasema hapana, safari hii hakuna atakayejua, vidonge nikavitupa chooni. Kovu nikamwambia ni jipu la utotoni. Miezi ya mwanzo sikuona kitu zaidi ya ganzi ya vidole nikajua nimeshapona.

Sasa miaka imepita, usiku misuli ya miguu inakaza nashindwa hata kwenda msalani, vidole vinajikunja vyenyewe nikiwa kwenye cherehani, na mara mbili nimeanguka nikatetemeka mpaka nikajing'ata ulimi. Mama mkwe akasema ni jini. Halafu ikatokea hii: nesi kanivalisha mashine ya presha, ilivyovimba tu mkono wangu ukajikunja kiwiko mpaka vidole, vidole vimenyooka vimebanana, dole gumba limeingia kiganjani. Nesi akaivua haraka. Mama mkwe akasema mnaona, jini mwenyewe anakataa hospitali.

Nimesomewa, nimekunywa kombe. Ustadhi akianza kusoma mie nalia, nahema kwa nguvu, mara mikono inajikunja na mdomo unakaza, watu wanasema kapanda. Sasa wamepata mganga upande wa Pangani, anataka kunipunga siku tatu na amesema macho yasiguswe na chuma kabla jini hajatoka. Mume wangu amekopa laki nne kwa ajili hiyo. Tarehe ya operesheni ya macho ni wiki nne kutoka leo.

Mama nikwambie ukweli ambao sijamwambia mtu. Hili jini limenistiri. Nikiwa na jini mume wangu ananihurumia, ananishika mkono tukivuka barabara, anamwambia mama yake mke wangu ameonewa. Nikisema ni ugonjwa niliokuja nao nikauficha, nitakuwa nimemdanganya tangu siku ya kwanza. Je nimwambie? Nikae kimya nifanyiwe macho, mengine yajifie? Au nikapungwe tu? Na hivi kweli vidonge vya shingo vinaweza kuwa na uhusiano na macho, ama ni dhambi yangu tu inanisumbua?

Mama wa Ngamiani

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikaisoma kwa sauti, maana niliuguza wodini miaka mingi kabla sijaanza kujibu barua, na pale ulipofika kwenye mashine ya presha nilisimama kwanza nikavuta pumzi.

Niseme nilivyokuelewa, kama nimekosea unisahihishe. Macho yanaenda na kazi yako ndiyo macho. Nyumbani wameshalipa jina tatizo lako na jina hilo linakulinda. Wewe ndani yako unalo jina lingine, unaogopa ukilitoa utapoteza ulinzi na pengine na ndoa. Na wiki nne zinahesabika huku mganga na daktari wote wanakungoja.

Nianze na swali lako la mwisho maana ndilo ninaloweza kulijibu vizuri zaidi. Ndiyo, shingo na macho vinaweza kuwa na uhusiano, sio dhambi inayokusumbua. Nyuma ya tezi dundumio, hiyo inayovimba ikawa rovu, kuna vijitezi vingine vidogo sana, kwa kawaida vinne, kila kimoja kama punje ya mchele. Vinaitwa parathairoidi. Kazi yake ni kutoa homoni inayolinda kiwango cha kalsiamu kwenye damu. Ni vidogo na vimejificha kiasi kwamba hata wataalamu walichelewa kuvitambua, kwa binadamu vilielezwa na Ivar Sandström wa Uppsala kule Uswidi mwaka 1880, kabla yake Mwingereza Richard Owen alikuwa ameviona kwenye faru aliyefia bustani ya wanyama ya London. Na mpaka leo daktari mpasuaji mwenye mikono mizuri kabisa anaweza akavigusa wakati anatoa rovu, vikanyimwa damu au vikatoka pamoja na uvimbe. Sikwambii haya ili uwachukie waliokupasua, nakwambia ili ujue ile ganzi ya midomo usiku wa pili ilikuwa na maana gani. Ile ndiyo dalili yake. Na dripu iliyokutuliza inaelekea ilikuwa na kalsiamu.

Kwa hiyo vile vidonge, naamini, havikuwa vya kidonda. Mara nyingi anayetoka na hali hiyo anapewa kalsiamu na aina ya vitamini D iliyo tayari kufanya kazi, kwasababu bila ile homoni mwili unashindwa kuitengeneza wenyewe vya kutosha. Kuna ambao vijitezi vinaamka baada ya wiki au miezi wakaachishwa dawa, na kuna ambao haviamki tena, hao dawa ni za maisha. Wewe hukupimwa ukajua uko kundi gani, uliviacha tu, na mwili ukakuvumilia kwa muda ndio maana ukadhani umepona.

Kalsiamu ikikaa chini miaka mingi, misuli na mishipa ya fahamu inakuwa myepesi kushtuka, ndio hiyo ganzi, kukaza kwa miguu, vidole kujikunja, na kwa wengine kuanguka na kutetemeka kama kifafa. Na lenzi ya jicho nayo inaanza kupata ukungu. Mtoto wa jicho kwa mtu wa miaka thelathini na kitu asiye na sukari wala jeraha ni jambo la kuuliza maswali, na yule daktari wako aliuliza, tena aliuliza vizuri sana, ila jibu lilikwama kooni.

Sasa ile mashine. Kuna daktari Mfaransa wa karne ya 19, Armand Trousseau, aliona kwamba mtu mwenye kalsiamu ndogo ukimfunga mkono juu ukaubana, mkono unajikunja kwa namna ile ile uliyoniandikia, vidole vimenyooka vimebanana na gumba ndani. Madaktari wanauita mkono wa mkunga, kwa sababu unafanana na mkono wa mkunga anapojiandaa kupima mama mzazi. Mpaka leo madaktari wanatumia mashine ya presha makusudi kabisa, wanaiacha imevimba dakika tatu, kuitafuta dalili hiyo. Yaani mwanangu, kitu kilichosemwa jini anakataa hospitali, kwa mtu aliyesomea ni mwili wako unaongea na hospitali waziwazi.

Na kisomo. Hapa niende taratibu kwasababu ni ibada na mie mwenyewe Qur'ani naiheshimu. Mtu akilia na kuhema kwa nguvu kwa muda, hewa chafu inatoka mwilini kupita kiasi, damu inabadilika kidogo, na ile kalsiamu iliyo huru kufanya kazi inapungua papo hapo. Kwa mtu mwenye kalsiamu ya kutosha huenda akasikia ganzi kidogo tu. Kwa mtu ambaye yake iko chini tayari, mikono inajikunja na mdomo unakaza. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba unachokiona ukisomewa ni kuhema kwako, wala sio aya zinazokuumiza wala kitu kinachozikimbia. Hakuna anayekuzuia kusomewa. Kaa, sikiliza, vuta pumzi polepole.

Nimesema inawezekana, sikusema nina uhakika, sijakupima. Mtoto wa jicho wa mapema ana sababu nyingine pia, hata kurithi, na kuanguka kunaweza kuwa kifafa chenyewe. Kinachotenganisha ni damu. Kalsiamu ya mtu mzima kwa kawaida inacheza kwenye milimoli 2.1 mpaka 2.6 kwa lita, maabara zinatofautiana kidogo, na pamoja nayo wanaangalia fosfeti, magniziamu, figo, na ile homoni ya parathairoidi kama hospitali inaipima. Na kwavile ulikatwa sehemu kubwa ya dundumio, homoni za dundumio nazo zipimwe. Bombo ndiyo hospitali ya rufaa ya mkoa hapo hapo mjini, pa kuanzia pako karibu.

Tuje kwenye ulichoniuliza hasa. Unaniandikia kama vile una jambo moja la kusema, na aidha ulitoe lote au ulimeze lote. Mie naona ni mambo mawili. Kuna ugonjwa, na kuna kuficha. Ugonjwa ni mali ya daktari, anauhitaji ili asikuumize. Kuficha ni kati yako na mumeo. La kwanza haliwezi kungoja wiki nne, la pili wewe ndiye unayejua saa yake.

Ukisema unakaa kimya ufanyiwe macho, inaweza ikapita salama, sitakutisha kwa uongo. Lenzi inabadilishwa, wengi wanaona vizuri baada ya hapo. Lakini fikiria umelala pale, una hofu, unahema, mashine ya presha mkononi, na daktari ameshika kifaa ndani ya jicho lako hajui kwamba mwili wako unaweza kukaza ghafla au kutetemeka. Kalsiamu ikishuka sana inagusa mpaka mapigo ya moyo. Na kuna watu ambao kalsiamu ndogo inawavimbisha hata mshipa wa fahamu wa nyuma ya jicho, hao lenzi mpya peke yake haiwarudishii uono wote. Kurekebisha kalsiamu hakuondoi ukungu ulioshaingia kwenye lenzi, hilo lazima nikwambie usije ukakata tamaa, ila kunaweza kuzuia usiendelee na kunafanya operesheni iwe salama zaidi.

Ukisema umwone daktari peke yako kwanza, inawezekana. Rudi siku nyingine umeenda na shoga yako, au mwambie nesi mlangoni nataka kuingia mwenyewe. Siri ya mgonjwa wanatakiwa kuitunza. Mwambie nilipasuliwa rovu 2012, nikapewa vidonge, nikaviacha, nimeanguka mara mbili, na mkono wangu ulijikunja kwenye mashine. Kama una cheti cha zamani, hata kimechanika, nenda nacho, na kama kimebaki Lushoto mwombe ndugu akipige picha akutumie. Hatari ya njia hii ni kwamba vidonge vitakaa ndani ya nyumba, na vidonge vina tabia ya kuonekana. Utarudi kwenye kuficha ulikotoka 2015, ukiwa na mtoto sasa na macho mabovu. Kuna wanaoweza kuishi hivyo. Wewe tayari ulishachoka ndio maana umeniandikia.

Ukisema umwambie mumeo, hapo nataka nikuulize kitu, usinijibu mie, jijibu mwenyewe. Umesema anamhurumia mwanamke mwenye jini. Una uhakika gani kwamba huruma ni ya jini? Anayekushika mkono barabarani anakushika kwasababu huoni. Aliyekopa laki nne amekopa kwasababu anataka upone, hajali sana umepona nini. Inawezekana unamfanya mdogo kuliko alivyo. Inawezekana pia namfanya mkubwa kuliko alivyo, mie simjui, nimewaona wanaume wapole wakageuka siku waliposikia neno umenificha. Anaweza kukasirika, na hasira nyingine ni haki yake. Anaweza kwenda moja kwa moja kwa mama yake. Ndio maana nasema ukiamua kusema, angalia unasema wapi na nani yupo karibu, mama mkwe asiwe wa kwanza kusikia wala asiwepo chumbani, na awepo mtu wa kwenu anayejua kwamba jambo hilo linasemwa siku hiyo.

Ipo pia njia ya katikati ambayo baadhi ya wake wameitumia, daktari akaueleza ugonjwa mbele ya mume, kwa lugha ya kidaktari bila lawama, halafu mke akaja kulisema la kuficha baadaye kwa mdomo wake. Ubaya wake ni kwamba mume mwenye akili atauliza mwenyewe njiani mkirudi, kwahiyo hukujua? Uwe tayari na swali hilo, maana hapo ukisema hukujua utakuwa umeanza uongo mpya.

Na kuhusu kudanganya, neno hilo umejipiga nalo kweli kweli. Ulikuwa binti aliyerudishiwa posa kwa sababu ya vidonge ambavyo hakuna mtu aliyempa sababu yake. Sikufutii, kovu ulilitungia jipu na kwa daktari ulisema hapana. Ila kuna sehemu ya mzigo huu ambayo haikuwa yako, ni ya yule aliyekwambia usiviache akaondoka zake. Ukienda kumwambia mumeo, hata hiyo ni sehemu ya ukweli, usiiache nyuma.

Njia ya Pangani. Sitamtukana mganga wala mama mkwe wako, anakupenda kwa anachokijua. Lakini siku tatu za kupungwa ni siku za kukesha, kucheza, kuhema, pengine kutokula. Kwa mtu ambaye kalsiamu yake inaweza kuwa chini namna hiyo, naogopa. Usikubali kitu chochote kidondoshwe machoni, na usikubali mtu akufungie ndani ukiwa umekakamaa. Na hiyo laki nne, kama haijatoka mkononi mwa mumeo, inatosha kufikiriwa upya, vipimo na dawa navyo vinataka hela.

Jambo moja usilifanye, kwenda duka la dawa kujinunulia vidonge vya kalsiamu na kumeza kwa kukisia. Kalsiamu ikizidi inaharibu figo na kuleta mawe, na vitamini D za kawaida za dukani sio lazima ziwe ile unayohitaji wewe. Shoga zako watakwambia kula dagaa, kunywa maziwa. Dagaa ni chakula kizuri ila hawezi kuziba pengo la homoni, na maziwa yana fosfeti nyingi ambayo kwa hali kama yako inaweza kuwa tayari iko juu. Watu wanaotibiwa hali hii wanapimwa damu mara kwa mara mpaka dozi itulie. Na ukikaribia mfungo wa Ramadhani mwambie daktari mapema, msipange dawa nyie wawili na mama mkwe. Kama kuna aliyekuandikia dawa za kifafa, mwonyeshe daktari pia, baadhi yake zinashusha vitamini D na kalsiamu zaidi.

Lakini koo likikaza, sauti ikabadilika au pumzi ikapiga mluzi, au ukianguka tena, au moyo ukienda ovyo, usisubiri tarehe yoyote wala ruhusa ya mtu, ni hospitali saa hiyo hiyo hata usiku. Mwambie mwanao na jirani wa karibu kwamba ukitetemeka wakulaze ubavu, wasikutie kijiko mdomoni.

Sijakwambia umwambie mumeo wala usimwambie. Nakuuliza tu, katika wale watatu wanaokungoja, daktari, mumeo na mganga, ni yupi ambaye ukimwambia ukweli leo utalala usingizi usiku? Anza kumfikiria huyo. Na uniandikie majibu ya damu yakitoka, hata kama yatanionyesha nimekosea.

Siku utakayoenda, kabla nesi hajakuvalisha ile mashine mwambie mapema mkono wako utafanya nini, asishtuke akaivua, amwite daktari aje aone.